Laptopu ya Bi Fundi: Kizuia Matangazo Kilipozuiwa

Alikuja kibandani kwangu cha kutengeneza kompyuta, Mwembe Tayari, Mombasa, wiki ya pili ya Ramadhani, Machi 2024, baada ya adhuhuri, saa ambazo mji umelala na hata makanga wameishiwa sauti. Laptopu alikuwa ameifunga kwa leso kama mtoto mchanga. Akaiweka juu ya meza, akafungua fundo, akasema, "Mwanangu, mashine hini yanifukuzia wateja."

Bi Fundi (ndivyo anavyoitwa mtaani, na jina lake halina kazi hapa) hushona mabuibui na madera Kibokoni, chumba cha chini, mlango unatazama uchochoro. Hana kabati la kioo la kuonyeshea nguo. Duka lake ni ukurasa wa picha mtandaoni, na Ramadhani ndiyo msimu wake wa mavuno. Anayetaka buibui la Idi huagiza mapema, hutoa arubuni, kisha hungoja. Wiki ile ukurasa ulikuwa umefungwa. Kila akijaribu kuingia aliambiwa kumeonekana mwenendo usio wa kawaida, athibitishe kuwa ni yeye. Na kabla haujafungwa, wateja wawili walikuwa wamempigia simu kumuuliza kulikoni, mbona usiku wa manane anapenda picha za wanaume wa nchi asizozijua? Kwa mwanamke wa Kibokoni, mwezi wa toba, hilo halikuwa tatizo la kompyuta tu.

Nikafungua kivinjari na kwenda moja kwa moja kwenye orodha ya viendelezi, yaani vijiprogramu vinavyoongezwa ndani ya kivinjari. Siku hizi ndiko ninakoanzia kabla hata ya kutafuta virusi. Nilikuta vinne. Kimoja cha kutafsiri, hakina neno. Vitatu vilivyobaki vyote vilikuwa vizuia matangazo, na cha mwisho kuwekwa kilikuwa na jina linalofanana mno na la kizuia kinachojulikana duniani, ila kimeongezewa neno moja nyuma. Nikamuuliza nani aliyeviweka.

"Mwana wa kaka yangu. Usinilaumie mtoto, mimi ndiye niliyemwambia aniondolee yale matangazo."

Nikamwambia anikalie kitini anieleze tangu mwanzo, maana kivinjari chenye vizuia vitatu hakifiki hapo kwa siku moja.

Chaki mkononi, pini mdomoni

Kushona alifundishwa na mamake. Mitindo mipya, ile ya abaya zenye kola ya Kichina na mikono mipana inayobanwa kifundoni, anajifunza kwa video za YouTube. Laptopu hukaa juu ya kigoda, kitambaa kimetandazwa sakafuni, na yeye amepiga magoti katikati. Mkono mmoja chaki, mkono mmoja futi, pini tatu kazibana kwa midomo. Anayefundisha anasema shuka kutoka begani, inchi kadhaa, kisha pinda kuelekea ubavuni. Hapo hapo linaingia tangazo la sabuni, au la mkopo wa simu, sauti mara mbili ya ile ya mwalimu. Kitufe cha kuruka tangazo kinataka kidole, na hana kidole. Akiinuka, kitambaa cheusi cha kuteleza, alichokinunua Barabara ya Biashara kwa yadi, kinahama, na alama zote alizochora zinakuwa za nguo nyingine.

Mara mbili alikosea kwapa kwa namna hiyo. Mara ya pili kilikuwa kitambaa cha mteja. Alikilipa kwa mfuko wake.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu watu wakizungumzia vizuia matangazo huzungumza kana kwamba anayevitumia ni mtu mvivu aliyelala kochini, hataki kusubiri sekunde tano. Wapo wa aina hiyo, mimi mmojawapo nikiwa nyumbani. Lakini wapo pia ambao mikono yao iko kazini, na tangazo la katikati ya video linawagharimu kitu kinachopimika kwa yadi.

Halafu kuna bando. Laptopu ya Bi Fundi haina intaneti yake, hushika ya simu ya mpwawe. Video ya ubora wa kati ikivuta kama megabiti mbili na nusu kwa sekunde, tangazo la nusu dakika linakula takriban megabaiti 9. Matangazo sita katika saa moja ya kazi ni megabaiti zaidi ya 50 ambazo kijana amezinunua kwa shilingi zake ili shangazi yake aonyeshwe sabuni. Mwenye waya wa fiba nyumbani halioni hili. Mwenye kununua bando la siku analiona kila jioni.

Kwa hivyo katikati ya 2023 kijana aliweka kizuia matangazo, kimoja, cha watu wanaoaminika. Miezi kadhaa ikapita kwa amani.

Upande wa pili wa ukuta

Sasa tutoke Kibokoni kidogo. Google iliinunua YouTube mwaka 2006 kwa dola bilioni 1.65, na matangazo yakaanza kuingia ndani ya video zenyewe mwaka uliofuata. Kufika 2023 matangazo hayo yaliingiza zaidi ya dola bilioni 31 kwa mwaka. Kwa miaka mingi vizuia viliachwa vifanye kazi, kero ndogo pembeni ya biashara kubwa. Kisha katikati ya 2023 YouTube ikaanza kujaribu kwa baadhi ya watazamaji onyo jipya: umebakiwa na video tatu, baada ya hapo kichezeshi cha video kitafungwa mpaka uzime kizuia chako. Oktoba mwaka huo kampuni ikathibitisha kuwa si jaribio tena, ni hatua ya dunia nzima. Ujumbe wenyewe ulitoa milango miwili tu: ruhusu matangazo, au lipia Premium, ile huduma yao ya kulipia isiyo na matangazo.

Ujumbe huo ulifika Kibokoni Novemba.

Jaribio la kwanza la kijana lilikuwa la akili, na nilimsifu kwa hilo. Alibadilisha seva ya majina ya tovuti, akaweka moja ya zile zinazokataa kujibu pale kivinjari kinapouliza iliko seva ya matangazo. Njia hiyo huzima matangazo ya tovuti nyingi za habari na michezo ya simu. Kwa YouTube haifui dafu, na sababu ni nyepesi: video na tangazo hutoka kwenye seva za familia moja, jina moja. Ni kama muuza samaki anayekuletea changu na samaki taa katika pakacha moja. Ukimfungia mlango kwa sababu ya taa, umekosa na changu.

Ndiyo maana kizuia cha kivinjari hufanya kazi tofauti. Hakifungi mlango. Kinapekua pakacha. Kinaingia ndani ya ukurasa, kinasoma maelezo ambayo kichezeshi kimepewa kuhusu matangazo ya kuonyesha, na kuyafuta kabla kichezeshi hakijayatekeleza. YouTube nayo ikaanza kukagua: tangazo nililotuma, limechezwa? Kama halijachezwa, onyo. Watengenezaji wa vizuia wakajibu kwa kuficha nyayo. YouTube ikabadilisha msimbo wake. Msimu ule wa mwisho wa 2023 mabadiliko yalikuwa yakija haraka kiasi kwamba orodha za kuchuja, zile ambazo kizuia hutumia kutambua matangazo, zilizokuwa sahihi asubuhi ziliweza kuwa zimepitwa jioni. Watu wa uBlock Origin, mradi wa kizuia matangazo ulioanzishwa na Raymond Hill na unaoendeshwa kwa kujitolea, walikuwa wakirudia ushauri ule ule: sasisha orodha zako, na usitumie vizuia viwili kwa pamoja.

Kijana hakuwa amesikia ushauri huo. Alipoona kizuia cha kwanza kimeshindwa, akaongeza cha pili juu yake. Akili inasema ngao mbili ni bora kuliko moja. Hapa ni kinyume, kwa sababu kimoja kinaweza kuharibu ukurasa mahali ambapo kingine kilikuwa kimeupamba usigunduliwe, na onyo likaja haraka zaidi. Likaja kweli.

Joto la Januari

Sehemu hii ni fupi lakini ndiyo iliyonifurahisha kama fundi. Januari 2024 laptopu ilianza kuchemka. Feni ilinguruma kama jenereta, video zikawa zinakwama. Bi Fundi alidhani ni kaskazi, maana Mombasa mwezi ule hata ukuta hutoka jasho. Mpwawe alikuwa na hakika kwamba ni jukwaa la video linawaadhibu makusudi.

Na hakuwa peke yake. Novemba iliyotangulia watumiaji walikuwa wamegundua ucheleweshaji wa sekunde tano kabla video haijaanza, na YouTube ilikiri kwamba wenye vizuia wanaweza kuona huduma hafifu. Kwa hiyo Januari kompyuta zilipoanza kupumua kwa shida dunia nzima ilinyoosha kidole kule kule. Baadaye ikabainika kosa lilikuwa ndani ya matoleo mapya ya vizuia vya AdBlock na Adblock Plus vyenyewe, yaliyokuwa yakimaliza nguvu ya prosesa. Hill ndiye mmoja wa waliolionyesha hilo. Kasoro ikarekebishwa, lakini mashtaka dhidi ya YouTube yalikuwa yameshazunguka dunia mara kadhaa.

Kibokoni marekebisho hayakuwa na faida, maana kijana alikuwa ameshakata tamaa. Alizima vyote viwili, akaanza kutafuta cha tatu.

Dakika kumi

Hapa ndipo kisa kinapogeuka, na ningependa msomaji asipite haraka.

Kijana amezima vizuia vyake. Kwa hiyo ukurasa wa kutafutia sasa unamwonyesha matangazo kama mtu mwingine yeyote. Anaandika jina la kizuia alichokisikia kwa rafiki. Tokeo la kwanza kabisa, juu ya yote, ni tangazo lililolipiwa. Analibonyeza. Linampeleka kwenye duka la viendelezi, mahali rasmi kabisa, kwenye kiendelezi chenye jina linalokaribia alilolitafuta, chenye nyota nyingi. Anabonyeza kuongeza. Kizuia matangazo kilipatikana kwa njia ya tangazo. Nilipomwambia hivyo baadaye alicheka, kisha akanyamaza.

Desemba 2022 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hilo hilo, kwamba wahalifu hununua matangazo kwenye matokeo ya utafutaji na kujifanya kampuni zinazojulikana. Miongoni mwa ushauri wao kwa wananchi ulikuwa kutumia kizuia matangazo. Asomaye na aelewe jinsi ukumbi huu ulivyochanganyika.

Ushauri ambao kila mtu huutoa ni huu: kabla ya kuweka kiendelezi, soma ruhusa kinazoomba. Kijana alizisoma. Kiliomba kusoma na kubadilisha data zake zote kwenye tovuti zote. Maneno yanayotisha, ila kizuia cha kwanza, kile cha kweli, kilikuwa kimeomba maneno hayo hayo, neno kwa neno. Hakiwezi kufanya kazi bila ruhusa hiyo, kwani nimeshaeleza kuwa kazi yake ni kuingia ndani ya ukurasa na kupekua. Mwizi na mlinzi wanaomba funguo ile ile. Kwa mtu aliyesimama mlangoni, orodha ya ruhusa haimwambii lolote.

Idadi ya watumiaji nayo haimwambii. Aprili 2018 AdGuard, kampuni inayotengeneza vizuia, ilifichua vizuia bandia vitano katika duka la viendelezi la Chrome, kivinjari cha Google, ambavyo kwa jumla vilikuwa vimewekwa na watu zaidi ya milioni 20. Mwaka uliofuata wakafichua vingine viwili, vimejiita kwa majina ya AdBlock na uBlock, vikiwa na watumiaji zaidi ya milioni moja na nusu, vikifanya ulaghai wa kamisheni za mauzo nyuma ya pazia. Google iliviondoa vyote, baada ya kuambiwa.

Na hata sifa njema ya jana si dhamana. Nano Adblocker kilikuwa kizuia halali. Oktoba 2020 mtengenezaji wake akakiuza, wanunuzi wakaongeza msimbo wao, na muda mfupi baadaye watumiaji wakaanza kulalamika kwamba akaunti zao za Instagram zinapenda picha wasizoziona kamwe. Nilipomsikia Bi Fundi akisema wateja wanamuuliza kuhusu wanaume wa usiku wa manane, nywele zilinisimama kwa sababu ya kisa hicho.

Tiba aliyoijaribu mwenyewe ilikuwa kubadilisha nenosiri. Alilibadilisha mara mbili, kwenye laptopu ile ile. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma kila ukurasa hakihitaji nenosiri lako. Ukishaingia, kivinjari kinahifadhi vidakuzi vinavyoiambia tovuti kwamba wewe ndiye wewe, na kiendelezi kinatenda mambo kutoka ndani ya ukurasa uliokwisha kufunguliwa. Kubadilisha nenosiri huku kingali humo ni sawa na kubadilisha kufuli na mwizi yuko uvunguni, anakutazama unavyozungusha ufunguo.

Kilichomwokoa ni kwamba fedha zake ziko M-Pesa, na M-Pesa yake iko kwenye kasimu kake kadogo kasichojua intaneti ni nini.

Nani wa kulaumiwa

Mpwa? Alitaka kumsaidia shangazi yake, na kila hatua aliyoichukua ilikuwa na mantiki kwa alichokijua. Nisingemchapa hata kwa maneno.

Jukwaa? Hapa ninagombana na wenzangu wa kibandani. Mmoja wetu husema YouTube ni yao, seva ni zao, anayekula bila kulipa asilalamike akifukuzwa mezani. Kweli. Na kutumia kizuia ni kuvunja masharti ya huduma, hilo ujumbe wao ulisema waziwazi. Lakini kuvunja masharti ya kampuni si sawa na kuvunja sheria. Mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani, katika kesi iliyofunguliwa na mchapishaji Axel Springer dhidi ya watengenezaji wa Adblock Plus, iliamua Aprili 2018 kwamba kutoa kizuia si ushindani wa hila. Basi kila upande una hoja yake ya kusimamia.

Nisichokubaliana nacho ni dhana kwamba ukimfungia mtu mlango atakwenda dirishani kulipa. Wapo waliokwenda. Februari 2024 YouTube ilitangaza kuwa wanaolipia Premium na Music wamefika milioni 100, pamoja na walio katika majaribio. Lakini Oktoba 2023, mwezi ule wa msako, AdGuard na Ghostery, watengenezaji wengine wa vizuia, wote waliona watu wakifuta vizuia kwa wingi usio wa kawaida, na pia wakiviweka kwa wingi usio wa kawaida. Maana yake ni nini? Watu walikuwa wanahama, kutoka kizuia kimoja kwenda kingine, wakitafuta kinachopita siku hiyo. Uhamaji huo ndio soko la mlaghai. Mtu aliyekuwa na chombo safi miaka mitatu, hana haja ya kutafuta, ghafla anasukumwa barabarani kutafuta kingine kwa haraka, ana kazi ya kumaliza, hana mwongozo. Madhara ya Bi Fundi hayakutoka kwenye matangazo wala kwenye kizuia cha kwanza. Yalitoka kwenye dakika kumi za kutafuta mbadala.

Na kuna mtu mwingine ambaye mpaka hapo hatukuwa tumemtaja. Nilimwambia Bi Fundi kwamba kwa video ndefu, asilimia 55 ya mapato ya tangazo huenda kwa mwenye video, na kwamba tangazo likizuiwa, yule anayemfundisha haambulii kitu kwa mtazamo huo.

Alifikiri kidogo. "Yule dada wa Dar?"

"Yule dada wa Dar."

Bi Fundi ana ugomvi wa miaka na jirani mmoja anayekuja kuangalia tarizi zake, akapiga picha kwa simu, akaenda kushonesha kwingine kwa bei ya chini. Sikumkumbusha. Aliikunja leso yake mara nne, akaikunjua, akaikunja tena.

Tulichofanya

Niliondoa vizuia vyote vitatu na nikafuta data ya kivinjari. Kisha, kwa simu ya mpwawe na si kwa laptopu, tukabadilisha nenosiri la barua pepe kwanza, maana anayeishika barua pepe anazishika zote, halafu la ukurasa wa mauzo, tukawafukuza wote waliokuwa wameingia kwenye vifaa vingine. Uthibitisho wa hatua mbili tukauelekeza kwenye namba yake. Kufunguliwa kwa ukurasa kulichukua siku sita. Siku sita za Ramadhani. Yeye anahesabu mabuibui saba yaliyokwenda kwa mafundi wengine, na wateja ambao hawakurudi hata kuuliza.

Kisha tukazungumzia aendelee vipi. Kulipia kwa mwezi hakutaka, kwa sababu msimu ukiisha hukaa wiki tatu bila kutazama kitu. Nikampa mambo mawili. La kwanza, kizuia kimoja tu, nilichokichukua kutoka kiungo kilicho kwenye ukurasa wa mradi wenyewe na si kwenye matokeo ya utafutaji, kikifanya kazi tovuti zote isipokuwa ile ya video. Huko tumeyaruhusu matangazo. Alilichagua mwenyewe, kwa sababu ya yule dada.

La pili ni la kifundi zaidi, na ndilo analolishukuru mpaka leo. Tangu Julai 2020, mwenye video anaweza kuweka matangazo ya katikati kwenye video ya dakika nane au zaidi. Kabla ya hapo ilikuwa dakika kumi. Video iliyo chini ya hapo inaweza kuanza na tangazo lakini haikatizwi katikati. Basi tulichuja mafunzo yake, tukachagua mafupi. Kwa yale marefu amebuni njia yake. Ana daftari la mistari. Anatazama kwanza akiwa amekaa kitini, chaki mfukoni, kitambaa bado kimekunjwa. Tangazo likiingia, anachora kwapa na kuandika vipimo, na mara nyingi linaisha kabla hajamaliza kuchora. Laptopu inafungwa ndipo kitambaa kinatandazwa.

Agosti 2025 kijana alikuja peke yake. Sasa yuko chuo, amefuga ndevu. Chrome ilikuwa imekizima kizuia na kuandika kwamba hakitumiki tena. Nilikuwa nalitarajia: tangu Juni 2024 Google ilianza kuwaonya watumiaji kuwa viendelezi vya muundo wa zamani vinaondolewa, na toleo la 138, la katikati ya 2025, ndilo la mwisho lililovikubali. Katika muundo mpya kizuia hakikagui tena kila ombi kwa uhuru ule wa zamani. Kinakabidhi kivinjari orodha ya kanuni, kivinjari ndicho kinachozitekeleza. uBlock Origin ina toleo jepesi lililotengenezwa kwa muundo huo, na kivinjari cha Firefox bado kinakubali lile la zamani.

Alifungua laptopu mbele yangu, ujumbe ukiwa bado katikati ya skrini, kitufe cha kutafuta mbadala kikimsubiri.

"Sijabonyeza kitu," alisema.

Tulikuwa tunaangalia hapo simu yake ikaita. Ni shangazi yake, anauliza mashine itakuwa tayari saa ngapi. Kijana akamwambia labda baada ya alasiri. Nikasikia sauti yake ndani ya simu ikisema basi isiwe tabu, kola ameshaichora daftarini, anaanza kukata.